Msimletee Mzee Mbwa Kabla ya Kumuuliza

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkusanyiko wa wazee, watoto wao na wanaowatunza. Wengi waliokosa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka nzima, karibu kama nilivyoisema.

Wazee wangu, shikamooni.

Asanteni sana. Na ninyi vijana mliowasindikiza, hamjambo?

Nianze kwa kukiri kosa. Mimi ni daktari wa mifugo. Nimetibu mbwa kwa zaidi ya miaka 20. Na mbwa wa kwanza kumchagulia mzee, nilimchagua vibaya kuliko ambavyo angechagua mtu asiyejua lolote. Mzee mwenyewe alikuwa baba yangu mzazi.

Mama alikuwa ametutoka miezi minne iliyopita. Baba ana miaka 78, nyumba imekuwa kubwa ghafla, televisheni inawaka tangu asubuhi na hakuna anayeitazama. Nikasema, aa, dawa ninayo. Nikatafuta mtoto wa mbwa wa wiki tisa, mweupe, ana doa jeusi jichoni, tumbo kama puto. Nikamfunga utepe shingoni, nikampeleka. Baba alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Nikaondoka pale najiona mtoto mwema kuliko wote.

Wiki ya tatu nikapita bila taarifa. Mnaijua ile kofia ya mpira kwenye ncha ya fimbo, inayozuia isiteleze? Imetafunwa, imekwisha. Baba anatembelea mti mtupu kwenye sakafu ya vigae. Magazeti yametandazwa kutoka jikoni hadi mlango wa chumbani. Mikono yake, kuanzia kiwiko hadi vidole, mikwaruzo mitupu. Na kwa kuwa anatumia dawa za kuzuia damu isigande, kila mkwaruzo umevilia damu, umekuwa bonge la zambarau. Nikamuuliza, "Baba, unalala kweli?" Akasema, "Huyu mtoto huamka saa nane, halafu saa kumi. Namtoa nje." Saa nane za usiku, ndugu zangu! Gizani! Na fimbo haina mpira!

Nilipomchukua yule mbwa, baba ndiye aliyeniomba radhi mimi. Aliomba radhi kwa kushindwa. Halafu akaniambia neno moja, na neno hilo ndilo limenileta mbele yenu leo. Akasema: "Hukuniuliza."

Hukuniuliza. Nani hapa ameshawahi kumnunulia mzazi wake kitu cha kumshtukiza? Redio? Kiti? Kiti kisipompendeza atakisukuma pembeni, atakitandikia nguo, yamekwisha. Mbwa hasukumwi pembeni. Mbwa atakaa humo ndani miaka 10, miaka 12, anataka kula, anataka kutoka, anaumwa, anazeeka.

Basi mtaniuliza, kama ni mzigo hivyo, mbwa wa nini? Mwaka 2017 watafiti wa Sweden walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya milioni 3.4, wa umri wa miaka 40 hadi 80, waliofuatiliwa kwenye kumbukumbu za kiafya kwa muda uliofikia miaka 12. Walioishi peke yao wakiwa na mbwa walionekana kuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa karibu theluthi, ukiwalinganisha na walioishi peke yao bila mbwa. Theluthi si mchezo. Ila msikimbilie mbwa kama mnavyokimbilia dawa. Inawezekana kabisa kwamba mwenye nguvu za kutembea ndiye anayefuga, na aliyekwisha dhoofika hafugi. Uchunguzi wa namna ile hauwezi kusema kipi kilitangulia. Ninachokiona mimi kila siku ni kidogo kuliko hayo, na nakiamini zaidi: mwenye mbwa anaamka akiwa na wa kumsalimu, na anatoka nje hata siku ambayo peke yake asingetoka.

Kwa hiyo mbwa nawatakia. Lakini tuulize kwanza.

Tuulize nini? Si "Baba, unataka mbwa?" peke yake. Mzee atasema ndiyo ili asikuvunje moyo, au atasema hapana ili asikusumbue. Muulize kuhusu siku yake. Unaamka saa ngapi? Unapenda kutoka, au unapenda kukaa ukiangalia watu wakipita? Ulishawahi kufuga? Mbwa wako wa mwisho alikuwaje? Hilo la mwisho lisikilizeni kwa makini, maana mzee atakueleza mbwa anayemtaka bila kujua kwamba anakueleza.

Halafu nyamaza, umwangalie akiinama. Ndiyo, akiinama! Vitu vyote vya mbwa viko chini. Bakuli la chakula liko chini. Bakuli la maji liko chini. Kinyesi kiko chini. Kamba ikimponyoka, iko chini. Kama mzee akiangusha funguo anasubiri mjukuu atoke shule aje kuziokota, hilo ni jibu, hata kama hajafungua mdomo. Hilo halimaanishi kwamba asifuge. Bakuli linawekwa juu ya stuli fupi. Kinyesi kina koleo lake lenye mpini mrefu. Mbwa mdogo anafundishwa kupanda kochi ili avalishwe mkanda pale juu, mzee asishuke kumfuata. Nimeona mbwa wa miaka tisa akifundishwa hilo kwa siku nne. Ila lazima mjue mapema.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo niko tayari kubishana na yeyote humu ndani. Mzee apewe mbwa mtu mzima. Narudia, mbwa mtu mzima!

Najua mtoto wa mbwa ana sura. Mimi mwenyewe sura hiyo ilinipofusha. Lakini mtoto wa miezi miwili hawezi kubana mkojo zaidi ya saa mbili, tatu. Meno ya kwanza yanang'oka, mengine yanaota, kila kitu kinatafunwa. Akifika miezi sita anaingia balehe, na balehe yake yaweza kumfikisha mwaka na nusu akiwa haambiliki. Huyo unampelekea mtu wa miaka 80? Mbwa wa miaka mitano, sita, nane, amekwisha kuwa alivyo. Ukubwa wake ni huo huo. Kelele zake ni hizo hizo. Anawapenda watoto au hawapendi, utaliona leo hii. Mtoto wa mbwa ni mbuzi kwenye gunia.

Na pigeni hesabu. Mbwa wengi wadogo wanafika miaka 12 hadi 15. Majitu kama Great Dane, wengi hawaupiti mwaka wa kumi. Mzee wa miaka 80 akianza na mtoto wa mbwa mdogo, mbwa atakuwa bado hai mzee akiwa na 92, 95. Tunamwombea afike. Lakini je, akiwa na 92 atamudu kumbeba mbwa mgonjwa?

Kuna mama mmoja, mteja wangu, alikuwa na miaka 74. Alikwenda na binti yake kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa. Binti moja kwa moja kwa watoto wa mbwa, anapiga picha. Mama magoti yanamuuma, akaketi kwenye benchi la pembeni. Akaja jike mmoja wa kahawia, ana miaka minane, mdomo umeshaota mvi. Akanusa kiatu cha mama. Akashusha pumzi, mmewahi kuwasikia wakishusha pumzi kama watu? Akajilaza juu ya kile kiatu. Binti anaita, "Mama, njoo uone huyu!" Mama akajibu, "Mimi nimeshakaliwa. Nitaondokaje?"

Siku ya tatu akanipigia simu. "Daktari, huyu mbwa ameharibika. Yuko chini ya kitanda, hali, hatoki." Nikamwambia mama, wanaohamisha mbwa kutoka nyumba hadi nyumba wana hesabu yao ya mkono: siku 3 hofu ishuke, wiki 3 aijue ratiba yako, miezi 3 ajue hapa ni kwake. Weka chakula, usimvute, washa redio, endelea na shughuli zako. Siku ya tano alitoka mwenyewe. Akaenda kukilalia kiatu.

Mkienda kumtazama mbwa, msiende na peremende na kelele. Nendeni na fimbo ya mzee. Na mkiwa pale, mzee aiangushe. Ndiyo, aiangushe chini ipige kelele, kama bahati mbaya. Kisha mwangalieni mbwa. Akishtuka halafu akarudi kunusa, huyo anafaa. Akikimbilia kona na kutetemeka dakika kumi, maisha ya nyumba ya mzee yatamtesa, kwa sababu fimbo huanguka. Akiirukia fimbo, mrudisheni. Kama mzee anatumia fremu ya kutembelea, apite nayo karibu na mbwa, ikigongagonga. Mshike masikio, mshike miguu, mfungue mdomo kidogo, maana kuna siku atatakiwa kumezeshwa dawa na mikono inayotetemeka. Na waulizeni waliomtunza: ukigusa bakuli lake akiwa anakula, anafanyaje?

Mnanifuata? Vizuri. Tuje kwenye ukubwa.

Watu wengi wanadhani mambo ni rahisi: mzee, basi mbwa mdogo. Hapana. Mbwa mdogo ana hatari yake, mbwa mkubwa ana yake. Marekani walihesabu mifupa iliyovunjika kwa watu wa miaka 65 na zaidi walipokuwa wakitembeza mbwa kwa kamba. Mwaka 2004 makadirio yalikuwa 1,671. Mwaka 2017 yakawa 4,396. Karibu wanne kati ya kila watano walikuwa wanawake, na mfupa uliovunjika mara nyingi kuliko mingine yote ni wa nyonga. Nyonga, ninyi mnajua kuliko mimi maana yake kwa mtu wa miaka 75.

Mbwa mkubwa anavuta. Mbwa mdogo anapita miguuni, na humwoni. Nilimtibu mbwa aina ya Chihuahua, hafiki kilo tatu, amevunjika mguu kwa kukanyagwa. Aliyemkanyaga ni bibi yake, na bibi mwenyewe kavunjika kifundo cha mkono katika kuanguka kule kule. Wawili hao walikuwa na bendeji siku moja, upande mmoja, wote wa kushoto. Tulicheka baadaye. Siku ile hatukucheka.

Upande wa pili nina mzee wa miaka 81, dereva mstaafu, anafuga Greyhound aliyestaafu mashindano. Mbwa wa kilo 30 hivi, mbwa wa jamii inayoweza kukimbia kilomita 70 kwa saa! Watoto wake walimwona baba amechanganyikiwa. Nendeni mkamwone. Yule mbwa analala mchana kutwa, miguu juu, kama nguo iliyoanikwa. Anatoka mara mbili kwa siku, anatembea taratibu sambamba na fimbo, anarudi kulala. Ni mrefu, mzee hainami kumgusa, mkono unaning'inia tu na kichwa cha mbwa kiko pale pale. Sharti lake ni moja: asifunguliwe kamba nje, maana akiona paka umri anausahau.

Kwa hiyo usiangalie kilo tu. Angalia kazi aliyozaliwa nayo. Jack Russell ni mdogo, mnambeba kwa mkono mmoja, lakini babu zake walifugwa kufukuza mbweha mashimoni, na betri yake haiishi. Border Collie aliumbiwa kuchunga kondoo siku nzima. Ukimfungia na mzee aliyekaa, atamchunga mzee. Msicheke, nimeona! Kila mzee akiinuka, mbwa anamzuia mlangoni.

Na kamba, tafadhali. Mzee asiizungushe kamba kwenye mkono, hata mara moja. Mbwa akichomoka, anachomoka na mtu. Zile kamba za kujivuta zenyewe, za mita tano, ziacheni dukani. Kamba pana, ya mita moja na nusu, na mkanda wa kifuani wenye pete kwa mbele, mbwa akivuta anajigeuza mwenyewe. Ndani ya nyumba mvalisheni kola yenye kengele, asikike anapopita nyuma. Taa ndogo ya usiku kwenye njia ya kwenda msalani. Makucha yakatwe, kwa sababu ngozi ya mzee ni karatasi.

Mambo ya afya ya mbwa nitayapitia haraka, mengine njooni mniulize pembeni. Poodle, Shih Tzu na Bichon Frise hawamwagi nywele sana, watu wanawapenda kwa hilo, lakini nywele hizo hazikomi kukua. Kila wiki nne hadi sita lazima zikatwe, na kuchana ni karibu kila siku. Mikono yenye baridi yabisi itaweza? Pug na French Bulldog wana pua fupi, wengi wanapumua kwa shida, joto linawaangusha. Cavalier King Charles Spaniel ni mpole mno, angekuwa chaguo langu la kwanza kwa wengi wenu, isipokuwa moyo wake: ugonjwa wa vali za moyo umeenea sana katika ukoo huo, kwa hiyo asichukuliwe bila daktari kuusikiliza moyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala, maana dalili zikishatokea, kwa mbwa au kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Minyoo, kupe, viroboto, vyote kwa ratiba.

Hili nalisema polepole: dawa zenu, wazee. Kidonge kikidondoka, mbwa anakiwahi. Ibuprofeni inaweza kumwua. Parasetamoli vilevile. Mezeni dawa mkiwa mmekaa mezani, mbwa akiwa chumba kingine. Na chokoleti, zabibu, vitunguu, pamoja na ubani wa kutafuna usio na sukari wenye zailitoli, ile inayotia utamu badala ya sukari, hivyo kwake ni sumu, hata akikuangalia kwa macho gani.

Na kama kumbukumbu imeanza kuteleza? Nililetewa mbwa aliyenenepa mpaka tumbo linagusa sakafu. Nikapima damu, nikapima tena, sioni kitu. Kumbe bwana wake anamlisha kifungua kinywa, anasahau, anamlisha tena. Mbwa hawezi kusema nimeshakula; angeweza, asingesema. Tukapata dawa ya bure kabisa: kila asubuhi mjukuu anajaza kopo moja la chakula cha siku nzima. Kopo likiwa tupu, mbwa ameshakula. Uzito ulishuka. Ila palikuwa na mjukuu. Pasipo na mtu wa kupita kila siku, mzee mwenye usahaulifu uliokomaa asiachiwe mbwa peke yake. Nalisema kwa moyo mzito.

Hapo tumefika kwenye swali ambalo hakuna anayetaka kuliuliza, nami nitaliuliza. Mzee akilazwa hospitali, mbwa anakwenda wapi? Na mzee akitangulia?

Malkia Elizabeth II wa Uingereza alipewa mbwa wake aina ya Corgi, Susan, alipotimiza miaka 18, mwaka 1944. Maishani mwake alifuga Corgi zaidi ya 30. Uzeeni akaacha kuwazalisha, na ikaelezwa kwamba hakutaka kuacha mbwa mchanga nyuma yake. Halafu mwaka 2021, akiwa ameshavuka miaka 90 zamani, wakaingia tena mbwa wachanga nyumbani. Nani angemlaumu? Septemba 2022 akafariki akiwa na miaka 96. Mbwa wake wawili, Muick na Sandy, wakachukuliwa na mwanawe Andrew na aliyekuwa mke wake. Siku ya mazishi walitolewa nje kule Windsor, jeneza linapita. Malkia alikuwa na watu na nyumba za kutosha, na bado swali lilikuwa lile lile: nani atawachukua? Sasa wewe mwenye vyumba viwili?

Huko huko Uingereza kuna shirika liitwalo The Cinnamon Trust, tangu mwaka 1985. Watu wa kujitolea wanatembeza mbwa wa wazee wasioweza kutoka, wanawahifadhi mwenye mbwa akilazwa, na wanawapokea mwenye mbwa akifariki. Pasipo na shirika la namna hiyo, shirika ni ninyi mliokaa hapa. Jirani mmoja, mjukuu mmoja, na karatasi moja yenye maandishi.

Nimalizie na baba, kwa sababu nilimwacha na mikwaruzo.

Alikaa mwaka mzima bila mbwa. Nami sikuthubutu kulitaja. Jioni moja simu ikalia. Hakunisalimu. Akasema, "Sasa niulize."

Nikamuuliza. Akawa na orodha! Asiwe mtoto. Asiruke watu. Usiku alale. Awe jike. Na asiwe mweupe, nywele zitaonekana kwenye suti. Tulizunguka miezi miwili. Tukampata Tausi, mweusi, miaka saba, kilo 11, bwana wake alikuwa amehamia mbali. Tulimwazima kwanza kwa wiki mbili, tukakubaliana kwamba kumrudisha si aibu. Nikapendekeza tumpe jina jipya. Baba akasema mtu mzima habadilishwi jina.

Kwenye mlango wa jokofu kuna karatasi, mwandiko wake mwenyewe, herufi kubwa. TAUSI ANAKULA MARA MBILI. RADI IKIPIGA AKAE BAFUNI NA TAA IWAKE. AKIKUANGALIA UNAKULA USIMWAMINI. Chini kabisa ameandika jina la mtu wa kumchukua Tausi. Si jina langu. Ni la binti wa dada yangu. Nikamuuliza, "Baba, mbona si mimi? Mimi si ndiye daktari?"

"Yule nilimuuliza, akakubali," akasema. "Wewe sijakuuliza."

Haya. Maikrofoni iko wapi? Mama pale nyuma, nimekuona umenyoosha mkono tangu kwenye Chihuahua. Tuanze na wewe.